Runinga na mtihani mkubwa: namna ya kupanga saa zako bila kuizima kabisa

Anayejiandaa kwa mtihani mkubwa huambiwa neno moja na kila mtu: achana na runinga. Wengi hujaribu. Siku ya kwanza inakwenda vizuri, ya pili pia, ya nne anakaa "dakika kumi tu", kisha anashtukia ni saa tano usiku na amemaliza sehemu nne za tamthilia. Kesho yake anajilaumu, anaapa upya, na wiki moja baadaye yuko palepale. Kilichomponza ni kukaa bila kujua atainuka saa ngapi, mbele ya kitu kisicho na mwisho. Mwongozo huu unashughulikia mambo hayo mawili: burudani ikae wapi ndani ya siku, na utainukaje ukishakaa.

Hatua ya 1: Hesabu kabla ya kupanga

Usianze na ratiba. Anza na daftari dogo na siku saba za kawaida. Kila unapowasha runinga, kufungua gemu au kuingia mitandaoni, andika saa uliyoanza. Ukiinuka, andika saa uliyoacha. Usijizuie wiki hiyo, maana ukijizuia utapata hesabu ya uongo. Simu nyingi za kisasa zina sehemu kwenye mipangilio inayoonyesha muda uliotumia kila programu kwa siku. Itazame mwisho wa wiki na ulinganishe na ulichoandika. Aghalabu simu itakuwa na saa nyingi kuliko daftari, kwa sababu vipande vya dakika tano tano havikumbukwi.

Sasa piga hesabu ya wiki nzima. Wiki ina saa 168. Chukua mfano wa mwanafunzi wa sekondari anayelala saa 9 kila usiku: hizo ni saa 63. Masomo darasani saa 8 kwa siku 5, jumla 40. Kwenda na kurudi, saa moja na nusu kwa siku, jumla 7 na nusu. Kula, kuoga, kufua na kazi za nyumbani, saa 3 kwa siku, jumla 21. Vyote hivyo ni saa 131 na nusu. Zimebaki saa 36 na nusu.

Hizo ndizo saa zako halisi za kugawana kati ya kitabu na burudani. Mgawanyo unaofanya kazi kwa miezi miwili mitatu kabla ya mtihani ni huu: saa 20 za kujisomea, saa 10 za burudani, na saa 6 na nusu zisizo na jina. Watu huzidharau hizo za mwisho, na ndizo zinazookoa ratiba. Mgeni akija, umeme ukikatika, ukiumwa kichwa, zinatoka humo. Ratiba iliyojazwa pomoni huvunjika siku ya kwanza ikiguswa, na ikishavunjika mwenye nayo huiacha yote.

Weka tarakimu zako mwenyewe. Anayefanya kazi kutwa huenda akabakiwa na saa 25 tu. Basi asome 15, aburudike 6, na 4 zibaki akiba.

Hatua ya 2: Tenga burudani yenye mwisho na isiyo na mwisho

Hapa ndipo pa kukaa na kufikiri, maana saa moja ya burudani hii si sawa na saa moja ya burudani ile.

Burudani yenye mwisho ni ile inayokwisha yenyewe. Mechi ya mpira wa miguu: dakika 45, mapumziko 15, dakika 45, na zile za nyongeza, ukitenga saa 2 inatosha. Filamu moja. Taarifa ya habari. Kutembea, kucheza mpira, kupiga gumzo na rafiki anayetakiwa kurudi kwao. Filimbi ikilia, imekwisha.

Isiyo na mwisho ni ile iliyotengenezwa ili usijue pa kuacha. Video fupi za kuperuzi kwa kidole huja moja baada ya nyingine bila ukurasa wa mwisho. Tamthilia za mtandaoni hujianzisha sehemu inayofuata kabla hujafikia rimoti. Gemu za mtandaoni humkalisha mchezaji kwa "raundi moja tu ya mwisho", na akishindwa hataki kulala na kichapo, akishinda hataki kuacha bahati.

Chukua orodha yako ya wiki na utie alama kila kitu: M kwa chenye mwisho, B kwa kisicho na mwisho. Kanuni ni rahisi: siku za masomo, M peke yake (tamthilia huhesabiwa M pale tu ukiifunga kwa mbinu za Hatua ya 5). B hukaa mwisho wa wiki, tena ikiwa na kitu cha nje kinachoikata, mfano muda wa kula uliokwisha kupangwa au miadi ya kutoka. Video fupi hazifai hata wakati wa mapumziko ya dakika tano kati ya vipindi vya kusoma. Hapo ndipo wengi huangukia. Dakika tano zinakuwa ishirini na tano, na kichwa kinarudi kimejaa vipande arobaini vya mambo yasiyohusiana.

Hatua ya 3: Kitabu kwanza, runinga baadaye

Mpangilio una uzito kuliko kiasi. Dakika 45 za runinga kabla ya kusoma zinagharimu zaidi ya dakika 45 zilezile baada ya kusoma. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akihama kutoka kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya akili hubaki kwenye ile ya kwanza, hasa kama hakuimaliza, na utendaji wake kwenye ya pili hupungua. Tamthilia ni kazi isiyomalizwa kwa makusudi. Ukiiacha na kufungua hesabu, nusu ya kichwa bado inajiuliza nani alipiga simu ile.

Huu ni mfano wa jioni ya siku ya masomo, kwa yule mwanafunzi tuliyempigia hesabu katika Hatua ya 1:

Saa 10:00 hadi 11:00 jioni: kufika, kula kitu, kuoga, kunyoosha mgongo. Skrini hapana.
Saa 11:00 hadi 12:30: vipindi vitatu vya kusoma, kila kimoja dakika 25 na mapumziko ya dakika 5.
Saa 12:30 hadi 1:30 usiku: chakula na kazi za nyumbani.
Saa 1:30 hadi 2:15: kipindi kirefu, dakika 45 bila kukatiza.
Saa 2:15 hadi 3:00: runinga.
Saa 3:00 hadi 3:30: kupanga begi, kusafisha meno, kitandani.

Hiyo ni saa 2 na dakika 15 za kusoma kwa siku, pamoja na mapumziko mafupi, yaani saa 11 na dakika 15 kwa siku tano. Zinabaki saa 8 na dakika 45 za mwisho wa wiki: saa 5 Jumamosi, zilizobaki Jumapili. Burudani ni saa 3 na dakika 45 kwa siku za katikati, na saa 6 na robo za Jumamosi na Jumapili. Hapo mechi mbili na filamu moja zinaingia bila kugusa kitabu.

Mtindo wa dakika 25 kwa 5 ulibuniwa na Mwitaliano Francesco Cirillo miaka ya mwisho ya 1980, akitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Tumia saa yoyote inayolia, ila isiwe simu iliyo mezani. Ukiwa umezama katika swali refu na kengele ikalia, malizia swali. Dakika 25 ni za kukusaidia kuanza. Hazikukusudiwa kukung'oa katikati ya kazi.

Saa moja ya kwanza ya kupumzika isiwe na skrini, hata kama umechoka. Hasa kama umechoka. Mtu aliyechoka ndiye asiyeweza kuinuka.

Hatua ya 4: Soma kwa namna inayostahili saa ulizotenga

Haina maana kulinda saa 20 halafu kuzitumia kupaka rangi mistari ya kitabu. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi matini fupi. Baadhi waliirudia kuisoma. Wengine walifunika na kuandika walichokumbuka. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya siku mbili, na baada ya wiki, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kurudia kusoma kunampa mtu hisia ya kujua, na hisia hiyo huisha kabla ya siku ya mtihani.

Kwa hiyo, kila kipindi cha dakika 25: soma dakika 10, funika kitabu, andika kwa dakika 10 yote unayokumbuka kwenye karatasi tupu, kisha tumia dakika 5 kulinganisha na kuzungushia ulichosahau. Kilichozungushiwa ndicho cha kuanza nacho kesho. Kisha kirudie baada ya siku 3, wiki 1 na wiki 2. Kipindi kirefu cha dakika 45 kitumie kwa maswali ya mitihani iliyopita, kwa saa, bila kufungua daftari.

Sababu ya kulitaja hili kwenye mwongozo wa runinga ni kwamba anayejipima huchoka haraka na hujua amefanya kazi. Anayesoma kwa macho tu hukaa saa nne, huona hajafika popote, na huitafuta rimoti kwa hasira.

Hatua ya 5: Jifunze kuinuka

Kukaa ni rahisi. Mbinu zote ziko kwenye kuinuka, na zinapangwa kabla hujakaa.

Kwanza, ingia kwenye mipangilio ya huduma unayotumia na uzime kuanza kwenyewe kwa sehemu inayofuata. Kazi hiyo ni ya dakika mbili na inafanywa mara moja. Kwa simu, zima arifa za programu zote za video na za gemu, siyo sauti peke yake: ule mwanga wa arifa kwenye kioo nao ni mwito.

Pili, ujue tamthilia imejengwaje. Waandishi huweka fundo mwishoni mwa sehemu: mlango unafunguka, mtu anageuka, muziki unapanda, na skrini inakuwa nyeusi. Ukipanga kuacha sehemu ikiisha, umepanga kuacha mahali pagumu kuliko pote. Acha katikati. Sehemu ya dakika 45 kwa kawaida hufungua fundo la jana katika dakika za mwanzo, kisha hutulia: watu wanakula, wanazungumza, wanasafiri. Baada ya dakika kumi hivi, siri uliyokuwa ukiingojea umeshaijua na mpya haijafungwa. Bonyeza kuzima hapo. Kesho utaendelea kutoka dakika hiyohiyo hadi dakika ya kumi ya sehemu inayofuata. Muda ni uleule wa dakika 45, ila mkato umehamia mahali pepesi. Siku mbili za mwanzo utaona kama unaharibu utamu. Siku ya tatu utashangaa ulivyoinuka bila kuvutana na nafsi. Na kwa kuwa runinga imewekwa mwisho wa jioni, mabaki ya hadithi yanaingia kwenye kupanga begi na hayagusi hesabu.

Tatu, kengele iwe mbali. Weka saa chumba kingine, ilie saa 3:00 kamili. Ukifuata kuizima umeshasimama, na aliyesimama ana nusu ya ushindi. Kengele iliyo mkononi huzimwa kwa kidole gumba bila macho kuondoka kwenye skrini.

Nne, chagua kabla ya kuwasha. Andika kwenye karatasi ya ratiba jina la utakachotazama. Anayewasha na kuanza kutafuta hupoteza dakika 20 akizungusha orodha, halafu huona "hajatazama kitu" na kujiongezea muda.

Mechi, fainali na sehemu ya mwisho ya msimu

Kuna siku ambazo ratiba haitashinda, na ni afadhali kukubali mapema. Ikiwa timu yako inacheza fainali saa za kusoma, usijifungie chumbani kujifanya unasoma huku ukisikiliza kelele za jirani. Utakosa vyote viwili. Badilisha: saa 2 za kusoma zihamie asubuhi ya siku hiyohiyo, kabla ya mechi. Ukizihamishia siku ya baadaye zimekuwa deni, na deni la kusoma halilipwi.

Tenga saa 2 kwa mechi ya ligi. Kwa mechi ya mtoano tenga karibu saa 3, maana kuna uwezekano wa dakika 30 za ziada na mikwaju ya penalti. Ruka uchambuzi wa kabla na wa baada. Wachambuzi wanaweza kumaliza saa nzima wakirudia goli moja uliloliona. Mapumziko ya dakika 15 yanatosha kwa maswali matatu ya kujipima. Ukishindwa, siyo dhambi, osha vyombo.

Msimu mpya wa tamthilia uliotoka wiki sita kabla ya mtihani usiuanze. Anayetazama msimu wa zamani kwa mara ya pili anaweza kuacha wakati wowote kwa sababu anajua kinachokuja; msimu mpya hauna huruma hiyo. Marafiki wakisimulia mwisho wake, wacha wasimulie.

Nyumba yenye runinga moja na watu wengi

Mara nyingi rimoti haiko mkononi mwako kabisa. Runinga iko sebuleni, watu wanacheka, na meza ya kusomea iko hatua tano kutoka hapo. Maneno yanayosikika ni adui mkubwa wa kukariri kuliko kelele za gari au mvua, kwa kuwa ubongo hauwezi kuyasikia bila kuyafuata. Ndiyo maana kusoma huku runinga imewashwa "kwa sauti ndogo" hakufai, na muziki wenye mashairi unayoyajua nao haufai kwa somo la kukariri.

Geuza kiti upate mgongo kwa skrini na uso kwa ukuta. Omba jambo moja tu nyumbani, lenye saa: "Kuanzia saa 1:30 mpaka saa 2:15 naomba sauti ishuke, saa 2:15 nitakuja tukae wote." Ombi lenye mwisho hukubaliwa, "naombeni ukimya, nina mtihani" huchosha watu ndani ya siku tatu. Kama haliwezekani, badilisha saa: soma alfajiri nyumba ikiwa imelala, na ulale mapema ipasavyo. Maktaba au darasa tupu baada ya masomo ni bora kuliko vyote viwili, kama vinapatikana.

Mzazi anayesoma hapa: kuficha rimoti kunamfundisha mtoto kuitafuta. Mpe saa yake ya kutazama na uiheshimu, hata kama siku hiyo hujapendezwa na matokeo ya majaribio. Saa ya burudani inayoweza kunyang'anywa wakati wowote huliwa haraka na kwa wizi. Na kama wewe mwenyewe unatazama mpaka saa sita usiku mlango ukiwa wazi, ratiba ya mtoto ni karatasi tu.

Yanayoharibika, na la kufanya

Umekosa siku nzima. Usijaribu kusoma kwa saa nne na nusu kesho ili kufidia. Chukua saa moja kutoka kwenye akiba ya wiki, shughulikia lile somo gumu zaidi la jana, mengine yaache yaende. Anayefidia mara mbili huchoka mara mbili na kukosa siku ya tatu.

Unakaa mezani lakini kichwa kiko kwenye tamthilia. Andika kwenye karatasi pembeni kinachokusumbua, mstari mmoja, kisha anza na swali rahisi kuliko yote. Ikiendelea siku nne mfululizo, umechagua burudani isiyofaa. Ibadilishe, usijipigie kelele.

Unatazama vipindi vya elimu na kuvihesabu kama kusoma. Kipindi cha historia au sayansi kinahesabiwa kusoma kikifuatwa na karatasi tupu ya dakika kumi. Bila karatasi, ni burudani, ikatwe kwenye saa 10.

Unakata usingizi ili upate vyote. Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji saa 8 hadi 10 kwa usiku, na usingizi ndio wakati ubongo unapoimarisha ulichosoma. Ukilala kwa saa 5 tu umelipia tamthilia kwa masomo ya siku mbili: ya jana ambayo hayakukaa, na ya leo ambayo hutayasikia darasani.

Wiki mbili za mwisho na siku za mtihani

Punguza burudani kutoka saa 10 hadi 6 au 7 kwa wiki, usiishushe hadi sifuri. Zinazotoka ni zile za B zote. M za jioni zinabaki, kwa kuwa ndizo zinazokutoa mezani na kukupeleka kitandani.

Usiku wa kuamkia mtihani, soma muhtasari wako mpaka saa 2, kisha tazama kitu ulichokwisha kukiona, cha kuchekesha ikiwezekana, kisizidi dakika 30. Mechi kubwa usiku huo ipishe. Matokeo utayasikia asubuhi hata usipouliza.

Kati ya karatasi moja na nyingine, ukitoka kwenye chumba cha mtihani usisimame na wanaolinganisha majibu. Nenda kale, pumzika dakika 45 na chochote chenye mwisho, kisha fungua karatasi zako za yale uliyozungushia kwa somo la kesho. Ukiwa na mtihani mchana wa siku hiyohiyo, runinga isiwashwe kabisa mpaka umemaliza wa mwisho.